Mkwaju Uliogongwa Mara Mbili

Ofisini walimwita Kigong'ota, na wala hakukasirika, kwa sababu jina lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mrefu, mwembamba, pua imetangulia mbele kidogo kuliko uso, na kazi yake ilikuwa kugonga miti. Mtu akitaka kubomoa nyumba anayokaa ili ajenge nyingine, ilibidi kwanza kiwanja chake kikaguliwe: kuna miti gani, mizima au mibovu, kuna viota, kuna popo darini, kuna kobe au kenge aliyejifanyia makao nyuma ya tangi la maji. Kigong'ota ndiye aliyetumwa. Alivaa buti zake, akatia mfukoni futi ya kupimia, tochi na tepe za rangi tatu, akazunguka kiwanja polepole kama mtu aliyedondosha pete. Kila mti mkubwa aliusogelea, akaweka sikio, akaugonga kwa vifundo vya vidole.

Utepe mwekundu maana yake mti unabaki, na ramani ya nyumba itafute njia ya kuupisha. Mweupe maana yake mti ukatwe. Wa njano maana yake kuna kiumbe anaishi pale, kazi isubiri mpaka ahame. Wajenzi waliuchukia mwekundu kama kodi. Walikuwa wakimwona Kigong'ota anaingiza mkono mfukoni, wanabana pumzi na kuomba utoke mweupe.

Tabia ya kugonga ilimfuata hadi nyumbani. Alikuwa anagonga matikiti sokoni, anagonga meza kabla ya kuweka sahani, anagonga mkate. Kazini alikuwa mtu safi, hahongeki, na ripoti zake mkubwa wake alizisaini bila kuzisoma mara ya pili. Ila Mungu hampi mtu vyote. Kigong'ota alikuwa na wivu, na wivu wake haukujua likizo.

Ndio uliomtoa kwa mkewe. Mke yule alikuwa mshonaji wa mapazia, mwenye duka dogo na cherehani mbili, na wateja wake wengine walikuwa wanaume, maana hata wanaume wana madirisha. Hilo Kigong'ota hakulikubali kabisa. Alikuwa akipiga simu dukani asubuhi kuuliza kama amefika, mchana kuuliza kama amekula, jioni kuuliza nani alikuwa anacheka nyuma wakati wa simu ya mchana. Siku nyingine alisimama ng'ambo ya barabara akijifanya anakagua mti uliokuwa pale, mti ambao alikwishaukagua mpaka ukamzoea. Mwisho akabadilisha kufuli la geti la nyumbani, kwa ajili ya usalama, alisema, akaondoka na ufunguo. Mshonaji aliruka ukuta kwenda kazini. Sketi yake ilichanika toka pindo hadi kiunoni, na jioni ile ile alimwambia mumewe afunge virago. Nyumba na kiwanja vilikuwa vya baba yake Mshonaji, kwa hiyo hapakuwa na la kugombania. Kigong'ota alitoka na sanduku moja na buti zake.

Miaka sita ikapita. Alisikia kwamba Mshonaji ameolewa tena, akasema heri, akaenda kulala njaa. Kisha asubuhi moja akaona faili la kiwanja kile juu ya meza ya Mama Popo.

Mama Popo alikuwa mwenzake wa kazi, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyepewa jina hilo kwa sababu alipanda dari za watu kutafuta popo na aliwazungumzia popo kama shemeji zake. Kigong'ota alilivuta lile faili kwa kidole kimoja.

"Nipe hili. Wewe chukua langu."

"Kuna nini huko?"

"Napajua tu. Nitamaliza haraka."

Mama Popo alimtazama juu ya miwani. "Hapa si kwa mtalaka wako?"

"Mtalaka si ndugu. Kanuni inakataza kukagua kwa ndugu."

"Aliyeandika kanuni hakumjua mtu kama wewe. Mavi ya kale hayanuki, mwenzangu, ila wewe huwezi kuyapita bila kuinama."

Alimpa hata hivyo, kwa sababu kiwanja alichopewa badala yake kilikuwa cha nyumba isiyo na dari ya kupanda, na magoti yalikuwa yanamsumbua. Kigong'ota alikaa akasoma. Waombaji walikuwa mke na mume. Walitaka kubomoa nyumba ya ghorofa moja iliyozeeka, wajenge ya chini tupu, yenye chumba upande wa nyuma kwa ajili ya mama mzazi asiyeweza tena ngazi. Neno "mume" alilirudia mara kadhaa. Kusikia kwamba mtu ameolewa ni jambo moja, na kuliona limepigwa chapa kwenye karatasi ya ofisi ni jambo jingine.

Alienda siku iliyofuata, amenyoa ndevu. Geti lilikuwa limepakwa rangi upya na kufuli halikuwepo. Lilikuwa linafungwa kwa kipande cha waya tu, ambacho mtu yeyote angeweza kukikunjua, awe ndani au nje. Kabla hajagonga, likafunguliwa na mwanamume mfupi, mwenye kitambi na kofia, miguuni amevaa ndala mbili zisizofanana.

"Karibu, kaka. Wewe ndiye wa miti?"

Huyo ndiye mume. Kigong'ota alikuwa amejiandaa kwa mwanamume mwenye sura, mwenye kifua, ili aweze kusema mwanamke alipumbazwa na umbo. Sasa huyu alikuwa na nini? Kipya kinyemi ingawa kidonda, alijiambia, lakini haikumsaidia. Mume mpya akiwa mzuri kuliko wewe, unaumia mara moja unamaliza. Akiwa mbaya kuliko wewe, inabidi uanze kujiuliza maswali.

Alikuwa mwalimu wa udereva. Mjini walimwita Mwalimu Polepole, kwa sababu walipelekwa kwake wale wanafunzi ambao walimu wengine walishawakimbia: wazee, waoga, na mama mmoja aliyefumba macho kila lilipokuja lori. Inasemekana hajawahi kumpigia mwanafunzi kelele.

"Najua wewe ni nani," Mwalimu alisema, wakiwa bado getini. "Nimeelezwa. Usione tabu, kaka. Hii ni kazi, tufanye kazi."

Alisema kwa upole, na upole ule ulimchoma Kigong'ota kuliko tusi. Mtu anamfungulia geti aliyewahi kuwa mume wa mkewe, na hata uso hakunji. Ina maana hanihesabu, Kigong'ota aliwaza. Akaitikia kwa kichwa, akatoa futi.

Alianza mbele: mpera, mchungwa wenye vidukari, ua wa michongoma ambao ulikuwa na viota vitatu vya chiriku, vyote vimeachwa. Akaingia ndani ili apande darini. Ukumbini aliona msumari wa kutundikia makoti, alioupigilia yeye mwenyewe ukapinda, na walikuwa hawajaung'oa. Kofia nyingine ya Mwalimu ilikuwa imetundikwa juu yake. Kigong'ota aliitazama ile kofia muda mrefu kuliko alivyotazama mpera.

Darini hapakuwa na popo. Palikuwa na mavi yao ya zamani, makavu, yanayosagika vidoleni kama majani ya chai, na ni kweli, hayakunuka. Akiwa amelala kifudifudi na tochi mdomoni, akasikia kicheko chini yake. Alikuwa mama mkwe, mama yake Mshonaji. Kigong'ota alimfahamu mwanamke yule miaka kumi na miwili na hakuwahi kumsikia akicheka hivyo. Yeye na mkwewe walikuwa wanaheshimiana, na heshima yao ilikuwa nzito kiasi kwamba walisalimiana na kunyamaza.

Alishuka ngazi ya dari haraka, akawakuta kwenye ngazi za nyumba. Mwalimu alikuwa amembeba mama mkwe mgongoni, anashuka naye kidato kwa kidato.

"Gia ya kwanza, mama. Usiachie klachi."

"Sijaachia. Wewe tazama mbele."

Bibi yule alivunjika nyonga mwaka uliotangulia, na chumba chake kilikuwa juu, kwa sababu chini palikuwa na ukumbi, jiko na duka la mapazia lililohamia nyumbani. Kila siku Mwalimu alimshusha asubuhi na kumpandisha jioni. Alipomwona Kigong'ota, bibi alinyoosha shingo juu ya bega la mkwe wake mpya.

"Ala, mwanangu wa miti. Umekonda."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bado unagonga matikiti?"

"Bado, mama."

"Haya. Usije ukanigonga na mimi, nitalia kama debe."

Mwalimu alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Kigong'ota naye alitabasamu, lakini ndani alikuwa anaungua. Hakuwa na wivu wa mwanamke tu sasa. Alimwonea wivu mtu yule kwa mgongo wake, kwa kicheko cha bibi, hata kwa ule msumari uliopinda.

Akatoka kwenda uani, na huko ndiko alikokutana na mkwaju.

Aliufahamu. Ulikuwa pale kabla ya nyumba, mnene, umeegemea jiko kidogo, na matawi yake yalifika dirisha la chumba cha juu, lenye pazia la kijani, ambamo mama mkwe alilala. Chini ya mti palikuwa na benchi lililotengenezwa kwa mlango mkuukuu, na juu ya benchi vikombe viwili vya chai vilivyosahauliwa. Viwili. Enzi zake Mshonaji hakukaa uani, kwa sababu majirani wa ghorofani wangemwona, na Kigong'ota hakutaka aonekane. Alivisogeza vile vikombe kwa ncha ya buti, akaweka sikio kwenye gome, akagonga.

Akagonga tena.

Mkwaju ulikuwa wazi ndani, kuanzia usawa wa kifua chake kwenda juu. Tena baada ya pigo la pili kitu kilikwaruza humo ndani, kikanyamaza. Aliinua macho. Juu ya kichwa chake palikuwa na ufa uliozibwa kwa tope kavu, umeachwa upenyo mwembamba wa kupitisha kidole. Na kwenye tawi la mlimau uliokuwa pembeni, hondohondo dume alikuwa ametulia na kiwavi mdomoni, akimngoja mtu huyu aondoke.

Kigong'ota alielewa mara moja. Hondohondo jike anapotaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, akauziba mlango kwa tope, akabaki na upenyo tu. Humo huatamia, hunyonyoka manyoya ya mbawa, hawezi kuruka. Dume humlisha kupitia upenyo ule, yeye na vifaranga, tangu alfajiri mpaka jua linazama. Hadithi hii Kigong'ota aliisimulia dukani kwa Mshonaji alipokuwa anamchumbia. Alisema hakuna viumbe wanaopendana kama hao. Mshonaji alicheka akamuuzia mapazia matatu, na chumba alichopanga kilikuwa na dirisha moja.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Mti mbovu: ukatwe. Kiota kina wenyewe: wasubiriwe watoke. Kwa hiyo utepe wa njano leo, mweupe baada ya wiki kadhaa, na bibi apate chumba chake cha chini. Lakini kama mti ungeandikwa mzima, mambo yangekuwa mengine. Mkwaju mzima wa umri ule haukatwi. Chumba cha bibi kilichorwa palepale uliposimama, na upande wa pili wa kiwanja ulikuwa na shimo la maji taka, hapajengeki. Wangeshindwa. Wangebaki na nyumba yao ya ngazi.

Na abebe, Kigong'ota aliwaza. Abebe mpaka mgongo upinde, tuone kama atacheka.

Ila palikuwa na ndege, na hondohondo hatagi kwenye mti usio na uwazi. Akitaka kuuandika mti kuwa mzima, sharti amfute na ndege. Mtu aliyekuwa ameshasimamisha ujenzi wa magorofa kwa ajili ya kenge mmoja alisimama pale akilifikiria hilo. Alijua kwamba bila utepe wa njano hakuna wa kuwazuia, na wakiamua hata kukarabati tu lile jiko, dume atakimbia vumbi na nyundo, na jike atabaki ndani ya tope lake akingoja chakula kisichokuja. Alijua yote. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa utepe mwekundu, akaufunga kwa fundo la kukaza. Kwenye karatasi akaandika: mkwaju, mzima.

Mwalimu alikuja akifuta mikono. "Nyekundu maana yake nini, kaka?"

"Unabaki."

Mwalimu aliutazama mti, akatazama dirisha lenye pazia la kijani. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Sawa. Kama umesema wewe, ni sawa. Ngoja nikamwambie mama."

Hakubisha, wala hakuuliza kwa nini. Kigong'ota alikuwa ametamani ugomvi, walau kidogo, arudi nyumbani na kitu cha kutafuna. Alikusanya vifaa akaelekea getini. Hapo ndipo Mshonaji alipotoka ndani, futi ya kushonea shingoni, pini zimepangwa kifuani kwenye blauzi. Alikuwa amenenepa kidogo na alikuwa anapendeza, na Kigong'ota aliliona hilo na likamuuma.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nilikuwa dirishani napima pazia. Umeugonga mara mbili."

Kigong'ota alianza kupanga tepe zake mfukoni.

"Miaka yote niliyokaa na wewe, kitu kizima ulikuwa unakigonga mara moja. Mlango, mti, tikiti, vyote. Ukirudia, ujue umesikia uwazi. Matikiti mangapi tumeyarudisha kwa yule mama sokoni?"

"Nilitaka uhakika."

"Wewe? Kwenye mti?" Aliongea taratibu, sauti haikupanda. "Siendi kwa mkubwa wako. Nani atamsikiliza mtalaka anayesema amesikia mlio? Nataka kukuuliza kitu kimoja tu, wewe ndiye fundi. Mti ule ukiwa wazi, siku upepo ukija, utaangukia wapi?"

Kigong'ota hakuhitaji kugeuka. Alishapima mwinamo wake, kazi ilishaingia mikononi kabla ya wivu kuingia kichwani. "Jiko," alisema. Kisha akamalizia. "Na chumba cha mama."

"Haya," alisema Mshonaji, akarudi ndani. Mlango hakuubamiza.

Alitoka, akafunga waya, akavuka barabara. Ng'ambo alisimama, kwa sababu kusimama ng'ambo ya barabara ndiko alikokuzoea. Wivu ulimwambia aende zake: mti umesimama miaka yote hiyo, utaanguka leo kwa sababu yako? Kupitia geti na mlango uliokuwa wazi alimwona Mwalimu akimpandisha bibi ghorofani mapema, kabla ya wakati wake. Safari hii hapakuwa na gia wala klachi. Bibi alikuwa amelaza shavu kwenye bega la mkwe wake. Baada ya muda pazia la kijani la dirisha la ubavuni likavutwa kando, na nyuma ya kioo kikaonekana kichwa cheupe, chini kabisa ya tawi lile zito.

Kigong'ota aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Wivu ulikuwa palepale, haukupungua hata chembe, na asingedanganya kwamba ulipungua. Lakini enzi zile wivu wake ulimchania mtu sketi. Sasa ungeweza kumuua ajuza kitandani, na saini ingekuwa yake. Akavuka barabara akakunjua waya.

Lile fundo alikuwa amelikaza kweli. Vidole vilishindwa, ikabidi alifungue kwa meno, amekumbatia mkwaju kama mtu anayeomba radhi. Mwalimu alimkuta katika hali hiyo.

"Mti ni mbovu," Kigong'ota alisema, utepe bado uko mdomoni. "Ukatwe. Ila humo ndani kuna hondohondo jike na watoto. Tusubiri watoke."

"Ahaa. Basi si neno. Wanafunzi wangu kila siku wanakanyaga mafuta wakidhani breki."

Ungekuwa mlango mzuri wa kutokea. Kigong'ota aliutazama, akaona hawezi kuupita.

"Sikukosea, Mwalimu. Nilisikia tangu mwanzo. Niliandika uongo."

"Najua," Mwalimu alisema. "Mke wangu ameniambia. Nilisema tumwache kwanza, huenda akatazama kioo cha nyuma."

Yale maneno "mke wangu" yalimwingia Kigong'ota kama mwiba, hata katika saa ile ya toba. Alifunga utepe wa njano.

Ofisini alimweleza Mama Popo kila kitu, akamwomba achukue faili. Mama Popo alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hayo ni mambo ya aibu na yeye angemshitaki kwa mkubwa kama asingelirudi mwenyewe kulifungua lile fundo. Kisha akalisukuma faili kwake. "Umelikoroga, linywe. Kiota kinakaguliwa kila wiki mpaka kiwe kitupu. Nenda."

Kwa hiyo akawa anakwenda kila wiki kukaa uani kwa mwanamume mwenzie. Mwalimu alileta kikombe cha tatu. Walikaa kwenye lile benchi la mlango, wakamtazama dume akienda na kurudi, leo kiwavi, leo panzi, leo tunda, anauingiza mdomo kwenye upenyo, mdomo mwingine unapokea kutoka gizani.

"Huyu bwana hapumziki," Mwalimu alisema siku moja. "Ningekuwa na mwanafunzi mwenye bidii hii, ningefunga shule."

Kigong'ota alikunywa chai. Chai ilikuwa nzuri, na hilo nalo lilimkera. Alimwonea Mwalimu wivu kwa namna anavyokaa, amejiachia, mgongo umeegemea mti, mke wake yuko ndani anacheka na mteja mwanamume kwa sauti ya kusikika mpaka uani, na yeye anachovya mkate. Kigong'ota alijikuta amegeuza shingo mara tatu kuelekea kwenye kile kicheko. Mwalimu hakugeuza hata moja.

Asubuhi moja walisikia kugongwa, na safari hii hakuwa Kigong'ota. Mlio ulitoka ndani ya mkwaju. Mwalimu alimwita mkewe, Mshonaji akatoka na pazia mkononi, na bibi akafungua dirisha juu. Vipande vya tope vilianza kudondoka juu ya benchi, kidogo kidogo, kisha pande zima. Mdomo ukachungulia, ukagonga tena kingo za tundu, ukazitanua. Jike akajitoa, mkia umepinda kama ufagio uliochoka, akaruka hadi kwenye mlimau na kutua vibaya, akajirekebisha. Ndani ya tundu vifaranga wakaanza kulia, na mara wakaonekana wakilibandika tope upya kutoka ndani.

"Kumbe anabomoa mwenyewe," alisema Mshonaji.

"Mwenyewe," alisema Kigong'ota. "Na kuziba anaziba mwenyewe. Dume humletea tope tu. Hana ufunguo."

Mshonaji alilikunja lile pazia, akalikunjua. "Siku zile za mapazia matatu hukunisimulia kipande hiki."

"Sikukusimulia."

"Ulikuwa hukijui?"

Mwalimu aliinuka akasema anakwenda kumshusha mama. Kigong'ota alimsikiliza akipanda ngazi, kidato kwa kidato, mpaka juu.

"Nilikijua," alisema.

Mshonaji alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu la swali alilokwisha kuacha kuliuliza. Akaokota vikombe vitatu, akaingia navyo ndani. Kigong'ota alibaki na hondohondo. Mbawa za jike zilikuwa zimekwisha kuota upya, angeweza kwenda popote, lakini alisogea kwenye tawi lile lile alilokaa dume, akatulia ubavuni kwake. Kigong'ota akamwonea wivu hata yule ndege dume.